Yangeyange mbele, nyama ya buchani nyuma: kwa mpiga besi aliyeuliza kuhusu Angel Dust

SWALI: "Shikamoo kaka. Mimi napiga besi kwenye kwaya ya kanisa hapa Mwanza, na nikiwa nyumbani nasikiliza sana Korn, Slipknot na System of a Down. Kila nikisoma habari za bendi hizi nakutana na jina la Angel Dust ya Faith No More, kwamba ndiyo albamu iliyozaa nu-metali yote, yaani metali iliyochanganywa na kuchana. Nimeisikiliza mara mbili. Kusema kweli nimesikia vurugu. Wimbo mmoja ni kelele za gitaa, mwingine ni mlevi anajisemea peke yake, na mwisho kabisa ni muziki wa polepole kama wa filamu ya zamani. Wimbo Epic wa bendi hiyohiyo naupenda na nauelewa, albamu hii imenishinda. Je, ni kweli muziki ninaoupenda umetoka humu? Na kama ni kweli, mbona siusikii?"

JIBU:

Marahaba, mdogo wangu. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: masikio yako ni mazima. Ulichokuwa unakitafuta ndani ya Angel Dust hukukiona kwa sababu sehemu kubwa yake haimo. Watu wamerudia kwa miaka mingi kwamba albamu hii ni mama wa nu-metali, na mimi mwenyewe niliamini hivyo siku za kanda za kurekodi. Baadaye nilianza kazi ya kuchanganya sauti studio, nikaisikiliza ala moja baada ya nyingine, nikaona kwamba habari ile ni nusu tu. Nu-metali ilichota zaidi kwenye albamu iliyotangulia, The Real Thing, ile yenye Epic, na kwenye bendi nyingine ya mwimbaji wa Faith No More. Angel Dust iliacha urithi wa aina nyingine. Na ninavyoona, mtu anayepiga besi kwenye kwaya yuko karibu zaidi na urithi huo kuliko mpiga gitaa yeyote wa metali.

Tuanze na hali waliyokuwa nayo. Faith No More ni bendi ya San Francisco, California. Mike Bordin alikuwa kwenye dramu, Billy Gould kwenye besi, Roddy Bottum kwenye kinanda na Jim Martin kwenye gitaa. Albamu mbili za kwanza, We Care a Lot ya 1985 na Introduce Yourself ya 1987, aliimba Chuck Mosley. Alipoondolewa, wakamchukua kijana kutoka Eureka, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo hilo, jina lake Mike Patton. Alipofika alikuta muziki wa The Real Thing umeshatungwa kwa sehemu kubwa, akaandika maneno ya albamu nzima kwa muda wa wiki mbili hivi. Albamu ikatoka mwaka 1989. Mwaka uliofuata Epic ikapanda hadi nafasi ya 9 Marekani, na Australia ikashika namba moja. Ubeti wa kuchana, kiitikio cha kuimba kwa sauti ya juu, gitaa zito, piano ya mwisho: wimbo ule ulikuwa na umbo ambalo mtu analishika mara moja, kama ulivyolishika wewe.

Lebo, yaani kampuni iliyotoa albamu zao, ilitaka Epic ya pili, na kibiashara hilo linaeleweka. Kwetu tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walisifiwa karibu dunia nzima, kisha wakarudi na tembo kali kuliko lile la kwanza. Waliingia studio ya Coast Recorders, San Francisco, mwanzoni mwa 1992, wakiwa na Matt Wallace, prodyuza aliyekuwa nao tangu rekodi zao za mwanzo. Safari hii Patton alikuwa ndani ya utunzi tangu siku ya kwanza. Alikuwa pia ametoka kutoa albamu ya kwanza ya Mr. Bungle, bendi aliyoianzisha na wenzake tangu wakiwa sekondari kule Eureka, iliyochanganya muziki wa sarakasi, jazi na metali bila kuomba ruhusa kwa mtu. Uhuru ule aliurudisha nao Faith No More.

Wimbo wa kwanza, Land of Sunshine, unakuonyesha alivyofanya kazi. Alijinyima usingizi kwa makusudi ili aone akili iliyochoka inatoa nini, na wimbo unaofuata, Caffeine, ulizaliwa hivyohivyo. Maneno ya Land of Sunshine aliyakusanya kwenye televisheni ya usiku wa manane, kwenye vijikaratasi vya bahati vinavyofichwa ndani ya biskuti za migahawa ya Kichina, na kwenye maswali ya jaribio la tabia linalotolewa na wafuasi wa Sayantolojia, dini iliyoanzishwa Marekani. Ndiyo maana unasikia mtu anakuahidi heri na kukuuliza maswali kwa sauti ya muuza bidhaa, halafu kicheko. Furaha ya kuuziwa inatisha ukiisikiliza kwa muda mrefu, na wimbo unakulazimisha uisikilize kwa muda mrefu.

Sasa weka maneno pembeni, uisikilize kama mpiga besi. Katika metali ya kawaida gitaa ndilo mwenye nyumba. Besi hutembea nyuma yake ikirudia noti zilezile kwa sauti ya chini, na mara nyingi hata huisikii. Katika Angel Dust mpangilio umegeuzwa. Sakafu ni dramu na besi. Kuta ni kinanda. Gitaa linaingia kama mgeni mwenye nguvu: linapiga, linatoka, linarudi. Sikiliza Everything's Ruined. Inafungua na piano, kisha Gould anaingia na mdundo wa besi unaobeba ubeti wote, gitaa likipewa nafasi ya kujaza tu. Katika kwaya yako, si hivyohivyo? Besi, dramu na kinanda vinabeba wimbo, na gitaa la solo linapita juu kupamba. Unaujua mpangilio huu kwa vidole vyako. Kinachokuchanganya ni kuukuta ndani ya muziki mkali namna ile.

Bordin ana sababu ya kupiga anavyopiga. Alipokuwa Berkeley alijifunza ngoma kwa C.K. Ladzekpo, mwalimu wa kabila la Waewe kutoka Ghana. Usitegemee kusikia ngoma za Ghana ndani ya wimbo kama Midlife Crisis, hazimo kwa sura hiyo. Ila sikiliza jinsi anavyopenda kuzunguka kwenye ngoma kubwa badala ya kukimbilia matoazi, na jinsi mdundo mmoja unavyorudi na kurudi hadi unakuwa kama kitu kinachopumua. Wapiga dramu wengi wa metali wa wakati ule walikuwa wanashindana kwa kasi. Yeye anapiga polepole kuliko wengi wao, anapiga kwa nguvu, na anaacha nafasi kati ya pigo na pigo. Gould anakaa kwenye nafasi hizo. Besi yake ina mlio wa kukwaruza, karibu ule wa chuma, kwa hiyo hata gitaa likiwa juu bado unaisikia. Mtu akiniuliza kwa nini albamu hii haijazeeka kama nyingi za mwaka ule, hapa ndipo ninapoanzia.

Roddy Bottum alisomea piano ya kitaaluma akiwa mtoto, na kwa albamu hii alikuwa na kitu kipya mkononi: sampla, mashine ya kunasa kipande cha sauti na kukipiga kwa vidole vya kinanda. Wanamuziki wa hip-hop walikuwa wameshaizoea. Watu wa metali wengi waliiona kama udanganyifu. Ndani ya Midlife Crisis kuna kipande cha ngoma kutoka Cecilia ya Simon na Garfunkel. Crack Hitler inafunguliwa na sauti ya Iris Lettieri, mtangazaji wa uwanja wa ndege wa Galeão huko Rio de Janeiro. Sauti yake ilitumiwa bila ruhusa, naye akawafikisha mahakamani, na kwangu alikuwa na haki kabisa: sauti ya mtu ni jasho lake. Kipande kinachonishika zaidi kiko kwenye Malpractice. Katikati ya makelele, muziki unakatika na unasikia nyuzi: ni mwendo, yaani sehemu, wa pili wa kwateti ya nane (kazi ya wapiga nyuzi wanne) ya mtunzi Mrusi Dmitri Shostakovich, ikipigwa na kundi la Kronos Quartet. Shostakovich aliiandika kwa siku tatu mwaka 1960 na kuitoa wakfu kwa wahanga wa ufashisti na vita. Kuweka kipande hicho ndani ya wimbo kuhusu mwanamke aliyevutwa na mikono ya daktari wakati wa upasuaji ni jambo zito, na wengine wangelifanya kwa kutafuta sifa tu. Hapa kimekaa mahali pake, kwa sababu Shostakovich mwenyewe katika mwendo ule anapiga nyuzi kama mtu anayepiga mlango. Gitaa la Jim Martin na violini za Kronos vinasema kitu kimoja.

Halafu kuna sauti ya Patton. Kwenye The Real Thing aliimba kwa puani karibu albamu nzima. Ni mtindo mzuri, nao ndio ulioigwa sana. Kwenye Angel Dust ameacha kuwa mwimbaji wa mtindo mmoja, amekuwa kama mwigizaji mmoja wa mchezo wa redio anayecheza watu wote. Yule mlevi uliyemsikia anaishi ndani ya RV. Ni mwanamume mnene, aliyechoka, anayeishi kwenye nyumba ya magurudumu, akinung'unika juu ya maisha yake huku nyuma kukipigwa muziki wa kikantri wa kuyumbayumba. Wimbo unaofuata ni Smaller and Smaller, mkulima na ardhi inayomkataa, muziki mzito unaokokota miguu. Kindergarten ni mtu mzima ambaye hakuwahi kutoka shule ya watoto. Ukizisikiliza kama nyimbo za bendi moja yenye ujumbe mmoja utaona vurugu. Zisikilize kama chumba chenye watu kumi na watatu, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kusema. Utashangaa jinsi zilivyopangwa.

Midlife Crisis ndiyo ninayoirudia zaidi, na Patton amewahi kusema kwamba iliota kutokana na kumtazama Madonna na hisia za kuigiza anazoziuza mtu maarufu. Kwenye ubeti ananong'ona kwa hasira, meno yamekazwa. Kwenye kiitikio sauti yake inapandishwa juu ya sauti yake tena na tena hadi inakuwa kwaya. Fika mwisho wa wimbo, usikilize kwa makini: maneno mengine yanawekwa juu ya kiitikio, mistari miwili tofauti inaimbwa kwa pamoja na hakuna unaomkanyaga mwenzake. Wewe wa kwaya unajua ni kazi kiasi gani kupanga hivyo. Wimbo wenye ufundi ule ulishika namba moja kwenye chati ya roki ya kisasa ya Marekani, na wasikilizaji wengi hawakujua walichokuwa wanaimba pamoja nacho.

Jalada nalo ni sehemu ya muziki. Mbele kuna ndege mweupe, shingo imepinda, manyoya yametanda juu ya samawati: ni yangeyange mkubwa. Geuza nyuma uone nyama ya ng'ombe imening'inia kwenye ndoano za chumba baridi. Wenyewe walieleza kwamba walitaka uzuri na karaha vikae pamoja kwa uzani sawa. Kwa sisi tuliokua tukiona yangeyange wakitembea nyuma ya ng'ombe malishoni, picha hizi mbili zinaumana kwa namna ambayo sidhani waliiwaza: ndege wa jamii ileile na ng'ombe yuleyule, ila ng'ombe yuko buchani. Jina pia ni la namna hiyo. Roddy Bottum ndiye aliyelitoa. Vumbi la malaika ni jina la mitaani la dawa ya kulevya iitwayo PCP, na alilipenda kwa sababu ni jina zuri la kitu kibaya.

Hapa nikupe tahadhari, maana umesema unapiga kanisani. Be Aggressive inafunguliwa na ogani ambayo ungeweza kuisikia Jumapili, kisha wanaingia wasichana wanaoitikia kama mashabiki wa timu ya shule. Maneno yake ni ya mambo ya faragha ya kimapenzi kati ya wanaume. Bottum aliyaandika, na mwaka uliofuata alijitangaza hadharani kuwa shoga, jambo ambalo mwaka 1993 katika ulimwengu wa metali lilihitaji moyo. Kuna majina ya nyimbo na maneno mengine humu ambayo huwezi kuyaweka kwenye spika sebuleni wazazi wakiwepo. Tumia hedifoni.

Watu wa lebo walipoletewa albamu waliogopa. Wanabendi wamesimulia kwamba bosi mmoja aliwaambia anatumaini hakuna aliyekuwa ameshanunua nyumba. Ilitoka Juni 1992. Uingereza ilifika nafasi ya 2, Marekani nafasi ya 10. Haikuwa mkosi wa mauzo kama wengine wanavyosimulia, lakini kwao nyumbani haikuuza kama The Real Thing. Mwaka huo walizunguka viwanjani wakiwatangulia Guns N' Roses na Metallica, wakipiga muziki huu mbele ya umati uliokuja kwa ajili ya mambo mengine. Mapema mwaka 1993 wakapata wimbo mkubwa Ulaya kwa Easy ya The Commodores, waliyoipiga kwa heshima, bila kuidhihaki, wakashika nafasi ya 3 Uingereza. Wapo waliodhani ni mzaha. Sikiliza Patton anavyoimba, hakuna mzaha pale.

Ndani ya bendi mambo yalikuwa magumu. Jim Martin ni mtu wa metali halisi, rafiki wa zamani wa Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica aliyefariki mwaka 1986. Hakuupenda mwelekeo wa albamu na hakuficha. Mwishoni mwa 1993 akaondolewa. Mashabiki wengi husema alikuwa mzigo kwenye Angel Dust. Sikubali hata kidogo. Kwanza, mvutano wenyewe unasikika: gitaa linalopigwa na mtu asiye na hakika kama anautaka wimbo lina ukali ambao bendi haikuupata tena baadaye. Pili, Jizzlobber, wimbo unaotisha kuliko yote, Patton akiwa amejaa hofu ya gerezani, muziki wake ni wa Martin. Ogani kubwa inaufunga, na baada ya ogani ndipo unakuja ule muziki wa filamu uliokushangaza: ni Midnight Cowboy ya John Barry, kutoka filamu ya mwaka 1969, ikipigwa kwa mlio unaofanana na kodiani, taratibu, bila maneno. Mimi nikifika pale huwa najisikia kama mtu aliyetoka kwenye msiba mrefu akakaa barazani kupata hewa.

Sasa niingie kwenye swali lako lenyewe, la nasaba. Chukua Korn. Wapiga gitaa wao wamesema wazi kwamba kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ile ya kukereketa masikio waliyojenga nayo nyimbo zao za mwanzo wao wenyewe waliita kodi ya Mr. Bungle. Ni Mr. Bungle, si Faith No More. Chukua Slipknot. Corey Taylor ameshasimulia kwamba alipokuwa kijana aliyekata tamaa ya kuishi, aliwaona Faith No More kwenye tuzo za MTV mwaka 1990 wakipiga Epic, na kuona kule kukamrudisha. Ni ushuhuda mzito, ila Epic ni ya The Real Thing. Na umbo lile la nu-metali, ubeti wa kuchana na kiitikio cha kupaza sauti, ukilitafuta ndani ya Angel Dust utapata makombo tu. Walishaliacha wenyewe kabla waliowaiga hawajaanza. Patton amekuwa akikataa kuitwa baba wa nu-metali, na kwa hili ushahidi uko upande wake.

Pamoja na hayo, jarida la Kerrang! la Uingereza liliiweka Angel Dust juu kabisa ya orodha yake ya albamu zenye athari kubwa mwaka 2003, na sioni kwamba walikosea. Athari yake iko mahali pengine. System of a Down unayoipenda: sikiliza jinsi wimbo mmoja unavyoruka kutoka hasira hadi kichekesho hadi maombolezo, na mwimbaji akibadilika uso kila mara. Siwezi kukuambia walikaa na albamu gani mkononi, lakini mlango wa kuimba hivyo ndani ya muziki mzito, tena kwa umati mkubwa wa wasikilizaji, Angel Dust ilikuwa imeshaufungua. Sikiliza Incubus ya mwaka 1997, albamu yao S.C.I.E.N.C.E., uone athari ya Patton inavyozunguka ndani ya sauti ile. Between the Buried and Me, bendi yenye ufundi mgumu, walipotoa albamu ya nyimbo za waliowalea mwaka 2006, kutoka kwa Faith No More hawakuchagua Epic, walichagua Malpractice. Disturbed wakarekodi Midlife Crisis. The Dillinger Escape Plan, walipobaki bila mwimbaji, walirekodi na Patton Irony Is a Dead Scene ya 2002, na kizazi kizima cha metali ya midundo yenye hesabu ngumu kikaona kwamba inaruhusiwa kuwa na ucheshi na woga ndani ya wimbo mmoja.

Kuna pia urithi wa kikazi, ambao watu wa muziki tunaujali kuliko mashabiki. Bendi ilivunjika mwaka 1998, na mwaka uliofuata Patton na Greg Werckman wakaanzisha lebo ya Ipecac, iliyotoa kazi za bendi kama Fantômas, Melvins, Tomahawk na Isis. Mtu aliyeambiwa na lebo kubwa kwamba muziki wake utawafukarisha alijenga nyumba kwa ajili ya muziki wa namna hiyohiyo. Faith No More walirudiana mwaka 2009, na mwaka 2015 wakatoa Sol Invictus. Katika maonyesho ya miaka hiyo walikuwa wakifika katikati ya Midlife Crisis wanasimama, maelfu ya watu wanaimba kiitikio peke yao. Albamu iliyodhaniwa haiimbiki!

Kwa hiyo nikikujibu kwa usahihi: bendi unazozipenda zilirithi nguo kutoka The Real Thing, na baadhi yao zilirithi ujasiri kutoka Angel Dust. Nguo unaziona mara moja. Ujasiri inabidi ukae na mtu ndipo uuone, na ndiyo maana mara mbili hazikutosha.

Usirudi tena kuanzia mwanzo hadi mwisho, ni karibu saa nzima na utachoka. Kwa wiki ya kwanza chukua Midlife Crisis na Everything's Ruined tu. Zisikilize ukiwa na besi yako mapajani, haijachomekwa kwenye ampli. Usijaribu kufuata gitaa. Mfuate Gould, na utazame anakaa wapi Bordin anaponyamaza. Ukishazishika ongeza A Small Victory, yenye kinanda kinachong'aa na wimbo wa mtu asiyejua kushindwa, kisha Land of Sunshine, kisha RV, na sasa utamjua yule mlevi ni nani. Malpractice na Jizzlobber ziache hadi masikio yazoee. Usiku mmoja ukiwa huna kazi, weka albamu nzima, uzime taa.

Kuna sehemu moja ndani ya Everything's Ruined, baada ya kiitikio, ambapo gitaa linajiondoa na wimbo unabaki mikononi mwa watu watatu: dramu, kinanda na besi. Ijaribu na wenzako wa kwaya siku ya mazoezi, bila maneno, polepole kuliko rekodi. Kisha niandikie uniambie mpiga kinanda wenu alifanya nini.